Mzigo wa Petero Niliofika Nao Kibingo

Utukufu na shukrani ni kwa Mungu Baba, aliyenitoa nyumbani nikiwa mzima na kunirudisha nikiwa mzima, katikati ya mvua za Novemba na Desemba. Namshukuru kwa kila sahani niliyowekewa na watu wasionijua. Namshukuru hata kwa aibu aliyonipa, maana alinipa kwa kipimo ninachoweza kukibeba.

Ndugu zangu wa Chonyonyo, tangu nirudi mnanijia mmoja mmoja, baada ya ibada au njiani, na swali lenu ni lile lile: "Mzee Zakaria, tulisikia kazi ya Kibingo umepata wewe. Mbona umerudi, na aliyebaki ni Petero?" Nimekuwa nikijibu nusu nusu. Leo nimekaa niandike yote, ili anayetaka kujua asome mwenyewe.

Mnakumbuka tulivyokuwa kwenye kitalu cha miche cha pale Ndama kabla hakijafungwa. Mimi nilikuwa fundi wa miche, Petero alikuwa kibarua. Alipokuja na mke wake kutoka ng'ambo ya mto Kagera hakujua hata jinsi ya kushika kisu cha kubebeshea. Nilimfundisha mimi: unakata kikonyo, yaani kijiti kichanga cha mti wenye matunda mazuri, unakichonga, unakipachika kwenye mche wa kienyeji, unafunga, unangoja vishikane. Baada ya miaka miwili watu walianza kupita mbele yangu wakiuliza, "Petero yuko wapi?" Walisema mkono wake hauui mche. Niliwaitikia kwa uso wa kanisani, lakini moyoni nilikuwa na kitu kama jiwe la moto.

Kisha likasomwa lile tangazo baada ya ibada: kitalu kipya cha matunda Kibingo kinatafuta fundi mmoja anayejua kubebesha maparachichi, na kila anayekuja aje na vikonyo vyake. Fundi mmoja. Nikamtazama Petero upande wa pili wa kanisa, naye akanitazama akatabasamu. Sikulala vizuri kwa ajili ya tabasamu lile.

Kutoka Chonyonyo hadi Ndama

Jumatatu niliondoka mapema nikiamini nitamtangulia. Vikonyo vyangu nilivikata jana yake kwenye mparachichi wangu, nikavitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga barabara, nikauweka ndani ya gunia langu la nguo. Nilijiona mtu wa kisasa.

Nilipofika pale lori la ndizi linapopakilia, mtu wa kwanza kumwona juu ya mikungu alikuwa Petero.

"Shikamoo kaka Zakaria! Panda, nimekuwekea nafasi."

"Marahaba. Unakwenda wapi mapema hivi?"

"Kibingo, kuitafuta ile kazi. Na wewe je?"

Alisema wazi hivyo, bila kuzunguka. Mimi, mzee wa kanisa, nikajibu, "Nakwenda Nkwenda kumsalimu binti yangu." Binti yangu yuko Nkwenda kweli, lakini mnajua nami najua kwamba nilisema uongo.

Kwapani alikuwa na mzigo mrefu kama mkono, uliofungwa kwa ganda bichi la mgomba, juu yake majani makavu, na kamba ya mgomba ikiwa imezungushwa mara nne na fundo ubavuni. Hilo ndilo fundo lake la siku zote. Nilijua ndani kuna nini. Ni vikonyo vya ule mparachichi uliopandwa na mke wake mbele ya nyumba, ambao kila mtoto wa Chonyonyo amewahi kuiba tunda lake. Nikajisemea kwamba huyu bado anafunga vitu kama bibi anayekwenda kusalimia wazazi.

Tulifika Ndama mchana, tukiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Tulikula ndizi za kuchoma kwa mwanamke mmoja chini ya paa la bati. Petero alimpa pole kwa moshi, akamsogezea kuni vizuri, na yule mwanamke akamwongezea ndizi mbili. Mimi niliyekuwa nimekaa karibu naye hakuniongezea hata moja. Namwomba Mungu anisamehe, maana ndizi zile mbili nilizihesabu.

Omurushaka, siku nzima ya kungoja

Kutoka Ndama tulipata gari mpaka Omurushaka, na hapo safari ikasimama. Mafuta hayakuwapo. Dereva wa lori la kwenda Nkwenda alikuwa amelala chini ya gari lake na kofia usoni, na kila tulipomuuliza alijibu bila kuiondoa: "Kesho, wazee. Mungu akipenda na bosi akipenda." Tulilala kwa muumini mmoja, na kesho yake tulingoja tena mpaka saa nane.

Kati ya waliongoja alikuwamo mama mmoja wa Muleba, mfanyabiashara wa dagaa, mwenye sauti ya kujaza soko. Alitutazama kwa muda, Petero na mzigo wake kwapani, mimi na gunia langu magotini.

"Jamani wazee wangu," akasema, "kila mmoja kakumbatia mzigo wake kama mama aliyejifungua jana. Mmebeba nini?"

"Miti," Petero akasema.

"Miti! Huku Karagwe miti imeisha mpaka muisafirishe?"

Watu wakacheka. Petero akacheka kuliko wote, kisha akamweleza habari ya vikonyo na parachichi moja linaloshibisha watu watatu. Yule mama akafungua mkebe wa senene wa kukaanga, wale panzi wa msimu wa mvua, akamkaribisha. Mkebe ukapita kwa watu wote.

"Na wewe mzee, mbona umenuna? Kula senene. Au umeachwa na mchumba?"

Nilikula. Walikuwa watamu, wana chumvi ya kutosha, na nilichukia kwamba wamefika kwangu kwa sababu ya Petero.

Tulipopanda, niliweka gunia langu mbele, juu ya bati nyuma ya kichwa cha gari, nikalikalia. Bati lile lilikuwa la moto kama kikaango. Nilifikiri tu kwamba nimepata mahali pakavu.

Kwa Mama Kokugonza

Kabla ya Nkwenda lori lilizama kwenye tope hadi ekseli. Tulisukuma mpaka jua likakaribia kuzama, halafu dereva akasema kila mtu atafute pa kulala. Mimi na Petero tuliingia kibanja cha kwanza tulichokiona kando ya barabara, nyumba ndani ya shamba lake la migomba. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa umri wetu, Mama Kokugonza, amekwisha kutandaza nyasi mpya sakafuni kana kwamba alijua tunakuja.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu jambo lote liko hapa.

Mnajua kwetu mgeni haingii nyumba ya mtu mikono mitupu. Na mnajua kahawa ya kutafuna inavyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Petero aliinama mlangoni, mzigo wake mkononi, kwa kuwa hakutaka kuuacha mvuani. Mama Kokugonza alipiga magoti kumsalimu, akaona mzigo wa majani, akanyoosha mikono yote miwili.

"Asante baba, asante sana! Hata safarini mmenikumbuka mjane!"

Akaupokea, akasimama, akaingia nao jikoni.

Nilimwona Petero anafungua mdomo. Kisha akaufunga. Angesema nini? Zawadi ikishapokewa kwa mikono miwili, hakuna Mnyambo wala Mnyarwanda wala Mhaya anayeweza kusema nirudishie. Alikaa kwenye nyasi, akapangusa uso. Mimi nikatazama pembeni nisionekane ninavyofurahi. Nilifurahi, ndugu zangu. Tulipewa matoke na maharage yaliyopikwa sufuria moja, na juisi ya ndizi tuiitayo omuramba, nami nilishukuru kwa sala ndefu kuliko kawaida.

Asubuhi Petero alikwenda kusaidia kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Nilikuwa nanawa uso nyuma ya nyumba, Mama Kokugonza akanijia taratibu, ule mzigo umefichwa ndani ya kanga.

"Baba, samahani. Nilidhani ni kahawa. Nimefungua nikakuta fimbo fimbo tu. Nimefunga tena kama zilivyokuwa. Naona haya kumrudishia mwenyewe, ataona sikuridhika. Wewe ni mkubwa wake, mpe njiani."

"Nitampa, mama," nikasema.

Nikaupokea. Kwa mikono miwili. Nikauweka chini kabisa ya gunia langu.

Kutoka Nkwenda hadi Kibingo

Lori lilitufikisha Nkwenda saa nne. Binti yangu alitupa uji, na hapo ilibidi nikiri mbele ya Petero kwamba nami naendelea mpaka Kibingo. Petero hakushangaa wala hakunicheka. "Vizuri," akasema, "njia ni ndefu kwa mtu mmoja." Tukaenda kwa miguu, kupanda na kushuka, migomba kulia, migomba kushoto.

Baada ya kilima cha pili akasema, "Kaka, vikonyo vyangu vimebaki kwa mama yule."

"Ungemwomba," nikamjibu.

"Ningemwombaje? Alifurahi mno."

"Basi rudi nyumbani ukakate vingine."

"Siku tano kwenda na kurudi, kazi itakuwa imekwisha." Akaruka kidimbwi cha tope. "Tutaona. Labda kuna mti huko."

Mzigo wake ulikuwa mgongoni mwangu. Kila hatua nilisikia ganda la mgomba likinisugua kwenye uti wa mgongo. Mara tatu nilisema moyoni, nikifika kwenye ule mti nitampa. Miti ni mingi njia ile. Mvua ilipoanza, alikata jani la mgomba akanifunika mimi kwanza, na gunia langu, "vitu vyako visilowe." Badala ya kulainika nilizidi kukasirika. Niliona anapata hata wema bure, kama alivyozipata zile ndizi mbili, na mimi wa kwangu nautafuta kwa jasho tangu ubatizo.

Kitaluni

Bwana Shamba wa Kibingo ni kijana kutoka Bukoba, Mkatoliki, mwenye adabu nzuri. Alituamkia shikamoo kila mmoja, akatuuliza majina, akatupa chumba kimoja na vitanda viwili, na ugali wa muhogo na samaki. Kisha akatueleza masharti. Kila mmoja apewe miche kumi ya kienyeji kwenye viriba, vile vifuko vya udongo, abebeshe kwa vikonyo alivyokuja navyo, na atunze mpaka vishike. Atakayeshikisha mingi ndiye fundi.

Nikaenda pembeni kufungua mfuko wangu wa nailoni. Ulikuwa umetoka jasho ndani kama sufuria. Vikonyo vilikuwa vimegeuka vyeusi, na vingine vimelegea kama mboga iliyochemshwa. Lile bati la lori lilikuwa limevipika. Nikaufungua mzigo wa Petero. Vilikuwa kijani, vibichi, kana kwamba vimekatwa asubuhi ile.

Petero akanijia. "Kaka, nakuomba vikonyo kumi. Vyovyote."

Nilimpa vyangu. Vile vyeusi. Nami nikabebesha vyake.

Sitaandika kwamba shetani alinishika mkono. Mkono ulikuwa wangu, na kisu kilikuwa changu.

Petero aliviangalia, akaondoa sehemu zilizooza, akatafuta kwenye kila kijiti mahali padogo penye uhai, akachonga polepole. Nilimaliza kumi yangu naye akiwa kwenye wa tatu. Bwana Shamba alipita akatazama, akaenda zake.

Tulikaa wiki nne pale, tukimwagilia asubuhi na jioni. Petero akitangulia kuamka alimwagilia mstari wake na wangu pia. Mimi nikitangulia nilimwagilia wangu.

Wiki ya nne machipukizi yakafunguka. Sasa, hakuna asiyejua hapa Chonyonyo kwamba mparachichi wa mke wa Petero ukichipua majani yake machanga huwa mekundu, kama shaba iliyosuguliwa, na wangu huchipua kijani. Nilijua hilo kwa miaka. Lakini nilikuwa nimeshughulika sana kuficha vijiti, sikukumbuka kwamba vijiti vitatoa majani. Asubuhi moja nilikuta mstari wangu umewaka wekundu, miche minane, na kwenye mstari wa Petero miche miwili ya kijani.

Petero alikuja na keni ya kumwagilia. Akasimama kwenye mstari wangu. Akainama, akashika jani moja kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sikio la mtoto wake. Nilingoja. Akainua keni, akaendelea kumwagilia.

"Imeshika vizuri, kaka," akasema.

Nilitamani anitukane. Nilimwonea wivu hata kwa kunyamaza kwake, kwa sababu mimi nisingeweza.

Bwana Shamba alihesabu, minane kwa miwili, akanipa mkono. "Mzee Zakaria, kazi ni yako." Wafanyakazi walipiga makofi, na dereva mmoja aliyekuwa anapakia miche ndiye aliyewaletea ninyi habari. Hakudanganya. Nilikuwa fundi wa Kibingo, mwenye ufunguo wa stoo, kwa siku tatu.

Siku ya tatu Petero alifunga mfuko wake arudi nyumbani. Akanijia mlangoni mwa stoo, kofia mkononi.

"Kaka, nina ombi moja. Naomba mche mmoja wa mstari wako. Mke wangu ataniuliza vikonyo vya mti wake viliishia wapi, nataka niwe na cha kumwonyesha."

Na akanyoosha mikono yote miwili, apokee kutoka kwangu mali yake mwenyewe kama zawadi.

Ufunguo ulinidondoka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Shamba, nikamwambia yote, tangu nyumba ya Mama Kokugonza mpaka majani mekundu. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mzee wangu," akasema, "mimi umri wangu ni wa mtoto wako. Nikuambie nini?" Kisha akasimama, akaenda kwenye mistari, akatazama ile miche miwili ya kijani kwa muda mrefu. "Hii ilitoka kwenye vile vijiti vyeusi?"

"Ndiyo."

"Vibichi hata mimi ningeshikisha minane. Aliyetoa miwili kwenye vijiti vilivyokufa ndiye ninayemtaka."

Kwa hiyo mikono ile ile ilinishinda mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeifunga kwa hila. Petero alilia. Aliniomba nibaki nimsaidie, akasema kazi inatosha wawili. Nilikataa. Msiseme ni unyenyekevu. Sikuweza kuamka kila asubuhi nisikie watu wakiuliza Petero yuko wapi.

Kurudi

Wakati wa kuondoka Petero alinipa mche mmoja, mzuri kuliko yote, wenye majani manne mekundu. Aliufunga kwa ganda la mgomba na majani makavu, kamba mara nne, fundo ubavuni. "Panda mbele ya nyumba yako," akaniambia, "mke wangu nitampelekea mwingine." Njia nzima niliupakata. Niliwaza jinsi mtakavyopita mbele ya nyumba yangu mkiuona, na jinsi nitakavyosema ni wangu bila kusema uongo.

Gari kutoka Nkwenda lilisimama karibu na kibanja cha Mama Kokugonza, likangoja maji ya rejeta. Nisingeweza kupita bila kumsalimu. Alinijua mara moja.

"Baba, karibu! Yule mwenzako alizipata fimbo zake?"

"Alizipata, mama," nikasema. "Lakini nilimchelewesha mimi. Nilizificha."

Alinitazama. Sijui alielewa kiasi gani. Kisha akauona mzigo wa majani mkononi mwangu, uso wake ukafunguka, akapiga magoti palepale kwenye nyasi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Na wewe umenikumbuka! Asante baba, asante sana!"

Nilifungua mdomo, kama Petero alivyofungua. Dereva alikuwa anapiga honi. Nami nikauachia.

"Hii si kahawa, mama," nikamwambia. "Ni ya kupanda."

Tuliuchimbia shimo mbele ya mlango wake, abiria wakinung'unika. Ndiyo sababu mbele ya nyumba yangu hamjaona kitu. Mkipita barabara ya Nkwenda tazameni upande wa migomba, mtaona mche mdogo wenye majani mekundu. Kuna siku nakaa hapa nikimwonea wivu na yule mjane pia, kwa maparachichi atakayokula. Lakini nasema kweli, wivu huo ni mwepesi, naweza kuuombea kwa sala fupi na kulala.

Kwako uliyesoma mpaka hapa, Mungu wa amani akulindie mikono yako. Usipewe cha mwenzako ukakificha, na ukinyooshewa mikono miwili, upate la kutoa. Watoto wako na miche yako vishike. Amina.